Boneti iliyopigwa klia usiku wa masika: uchambuzi wa kisa kimoja cha Unguja

Gari na mwenyewe

Mwenye gari namwita Bwana S. Mtaa na kazi yake nimevigeuza kidogo, na gari lenyewe nalitaja juu juu tu, maana Unguja ndogo hii, ukitaja tarakimu mbili za namba ya Z watu washajua la nani. Ni Toyota ndogo, silva ya metaliki, imetoka Japani imeshatumika kama yalivyo mengi yetu, umri umepita miaka 15. Mchana inakaa kwenye kiwanja cha wazi upande wa pwani anakofanya kazi, usiku inalala uwani kwao chini ya mwembe. Kwa hiyo imepata vyote, jua la utosini, chumvi ya bahari, utomvu, na kinyesi cha kunguru, ambacho kikikaukia juu ya boneti ya moto kinaila klia na kuacha alama ambayo huoshi ikatoka.

Klia ndo ile tabaka ya juu isiyo na rangi, ndani yake mna dawa ya kuzuia mionzi ya jua, na dawa hiyo inakwisha kidogo kidogo. Ndo maana kubanduka kunaanzia pahala palipolala, boneti na paa, milango inabaki mizima. Kwa Bwana S boneti ilikuwa imetoka magamba kama theluthi nzima na paa linafuatia.

Jambo moja alikuwa analijua vizuri kabla hajaanza, na namsifu kwa hilo: hupigi klia mpya juu ya klia inayobanduka. Ile ya zamani itaendelea kunyanyuka na itaondoka na mpya yako juu yake. Lazima uiondoe mpaka ufike pahala imeshika, na ukishafanya hivyo kwenye metaliki ushaigusa rangi, kwa hiyo unapiga rangi kwanza halafu klia. Wengi wanaokuja kwangu wanadhani ni kununua kopo moja tu la klia na kazi imekwisha.

Alivyojipanga

Bei ya gereji ilimshinda. Binamu yake ana kompresa ndogo ya tangi la lita 50, na bunduki ya rangi akaazima. Akaamua mambo mawili ambayo mie nayahesabu kuwa ndo yaliyomwokoa baadae. La kwanza, kuanza na boneti peke yake, paa aliache. La pili, kuifungua boneti kwenye gari na kuilaza juu ya mapipa mawili uwani. Kompresa ya lita 50 haiwezi kulisha bunduki kwa gari zima, upepo unaisha katikati ya kupiga na klia inaanza kutoka matone matone, lakini kipande kimoja inakimudu ukiipa nafasi ipumue. Na kipande kilichofunguliwa kikiharibika kinaharibika peke yake, hukunyunyizia kioo wala taa.

Namba ya rangi akaisoma kwenye sahani ndogo ya bati kwenye injini, mstari wa C/TR, ndo wa namba ya rangi, imeandikwa 1F7, silva ya Toyota inayojulikana sana. Hapo safi. Dukani kwenye klia ndo pakaenda kombo. Alimwambia muuzaji kwamba anapigia uwani, hana chumba, na anachoogopa ni vumbi. Muuzaji akampa hadina ya haraka, yaani ile dawa inayochanganywa na klia ili igande, na kopo la tina ya kuilainisha, ya bei rahisi, ile ambayo sie tunaoshea bunduki. Hoja yake ilikuwa kwamba ikikauka upesi vumbi halipati wakati wa kukaa. Hoja inasikika vizuri, na kwenye nchi ya baridi ingekuwa na mashiko, lakini hadina na tina za haraka zimetengenezwa kwa baridi, hapa petu zinageuka adui na nitaeleza mbele kwa nini.

Matayarisho aliyafanya kwa subira. Msasa wa 320 (namba ikipanda msasa ni laini zaidi) mpaka ukingo wa klia ya zamani haukwazi kidole, praima, ile rangi ya chini ya kushikia, kisha 600, kisha 800 na maji. Akaosha kwa sabuni. Halafu akafuta kwa petroli, jambo ambalo watu wengi wanalifanya na mie silipendi kabisa, petroli inaacha mafuta, na mafuta ndo yanaleta vile vijishimo vya duara ambavyo klia inavikimbia.

Usiku wenyewe

Mwisho wa Aprili, masika yamekaza, mvua imenyesha mchana kutwa na jioni ikakata. Bwana S akangoja Magharibi ipite. Sababu zake alinieleza mwenyewe na si za kijinga: usiku hakuna upepo, hakuna jua la kuikausha klia kabla haijatandaa, watoto hawapiti pale na mipira. Akawasha taa kubwa ya mwanga mweupe juu ya mapipa, akafunga kitambaa puani, akaanza.

Rangi ilikwenda vizuri, mikono mitatu myepesi, yaani tabaka tatu, ikapoa mpaka ikawa haing'ai. Akachanganya klia, sehemu mbili kwa moja ya hadina, na tina akaongeza kwa jicho. Mkono wa kwanza ukatandaa vizuri, na baada ya dakika chache ukaanza kuingia ukungu mweupe. Hapa alikuwa na nafasi ya kusimama. Alichofikiri ni kwamba klia imekuwa nyepesi mno, ikiongezwa itakuja juu ing'ae, na wakati huohuo akaona Tukuza, umeme wa kulipia kabla, imebaki uniti kidogo na duka la karibu limeshafungwa. Akapiga mkono wa pili papo hapo na wa tatu nyuma yake, mzito, kompresa inanguruma bila kuzima na hewa inatoka ya moto. Kwenye mkunjo wa mbele klia ikaanza kuteremka.

Halafu wakaja kumbikumbi. Anaeijua masika ya hapa anajua, mvua ikikata jioni ukawasha taa nyeupe nje umewaalika mwenyewe. Wakaja kwa mamia, wakaacha mabawa yao kwenye boneti.

Kitu chengine hakukiona mpaka asubuhi. Ule moshi wa klia ulivuka ukuta kwa jirani, bi mkubwa mmoja alokuwa ameanika kanga barazani kwa sababu ya mvua, na pikipiki ya mwanawe iko palepale. Kanga zikawa zinakwaruza. Bwana S alimnunulia doti nyengine na mambo yakaisha kwa wema, lakini pikipiki ilichukua siku nzima kuisugua kwa udongo wa kuoshea magari.

Asubuhi, na grainda

Kulipopambazuka mkewe alitoka, akaitazama boneti, akasema, "Baba watoto, mbona imekuwa kama kioo cha dirisha la choo?" Na kweli ndivyo. Weupe mzito katikati, pembeni vinundu vinundu kama ganda la chungwa, michirizi mbele, mabawa kila pahala.

Akasema basi, itabafiwa, yaani isuguliwe na kupigwa polishi mpaka ing'ae. Hili ndo kosa lililoigharimu boneti zaidi kuliko lile la usiku. Klia haijatimiza hata masaa 12 tangu ipigwe, bado laini kwa ndani, yeye akaanza na msasa wa 1000 kisha kompaundi, ile dawa ya kusugulia, na kwa kuwa mashine ya polishi hana akafunga pedi ya manyoya kwenye grainda ya kukatia vyuma. Grainda ya kawaida inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Polishi ya klia inataka elfu moja, elfu moja na nusu, ukizidi sana mbili. Kwenye mgongo wa boneti, ile mikunjo miwili inayokwenda mbele, klia ikaungua na rangi ikatoka na pedi, na katikati weupe uko vilevile, umeng'aa tu.

Ndo akanipigia simu. "Ami, nimeibafu mpaka mkono umekufa ganzi, ukungu hautoki, ninunue kompaundi kali zaidi?" Nikamwambia zima mashine mwanangu, usiiguse tena, nakuja.

Nilichokikuta

Kwanza nilitazama kwa tochi ya pembeni. Vijishimo vidogo kama tundu za sindano vimejaa pale palipopigwa pazito. Vijishimo vikubwa vya duara vilikuwa vinne vitano tu karibu na ukingo, hivyo ni vya mafuta, vya petroli au vya kompresa maana mafuta ya kompresa nayo yalikuwa yanapita na hewa. Halafu nikapaka maji kwenye ule weupe. Kama weupe ni mikwaruzo ya msasa, maji yakiingia unapotea kwa muda. Haukupotea. Maana yake uko ndani ya klia na hakuna kompaundi itakayoufikia.

Nikafungua koki ya chini ya kompresa. Yakatoka maji ya rangi ya kutu, si haba, na kwenye bomba hamna hata chujio la maji.

Tukakubaliana hivi. Boneti ikae wiki moja klia igangamae, kwa sababu msasa kwenye klia laini unaziba na kuchana. Baada ya hapo isuguliwe yote kwa 600 kisha 800 mpaka weupe uondoke, palipofika praima ipigwe praima, na rangi na klia virudiwe. Alitaka kujua kwa nini tusivue mpaka bati. Hakuna haja, chini palikuwa pameshika vizuri, na bati tupu hapa kisiwani ukiliacha usiku mmoja asubuhi ushapata kutu. Na nikamwambia tungoje masika iondoke. Hakupenda, kwa sababu wiki zote hizo aliendesha gari na boneti ya madoa doa na wenziwe kazini hawakumwacha.

Kupiga upya

Tulipiga Juni, kusi imeshaingia, hewa kavu kidogo na baridi baridi. Kusi ina ubaya wake, inavuma na inabeba mchanga, kwa hiyo tukafunga maturubali pande tatu za banda na upande wa nne tukauacha wazi kule upepo unakokwenda. Chini tukanyunyiza maji kidogo tu kuulaza mchanga. Kuna watu wanamwaga ndoo ndoo kwa kuwa wameona mafundi wa nchi kavu wakifanya, lakini wewe unapigana na unyevu halafu unaumwagia uwani mwako.

Saa tuliyochagua ni kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, umande umeshakauka, jua halijawa kali, boneti imekaa kivulini imepata joto la hewa yenyewe. Kabla ya kuanza nilipitisha kitambaa kibichi kwenye bati pahala pamoja na kuangalia saa. Ule mstari wa maji ukikauka ndani ya dakika 15 unapiga, usipokauka ukanywe chai. Hicho kipimo hakihitaji kifaa chochote.

Hewa: tangi la kompresa likamwagwa maji kabla, chujio likafungwa, na bomba la kompresa tukalizungusha ndani ya beseni la maji kabla halijafika kwenye chujio. Hewa inayotoka kompresa ni ya moto na unyevu umejificha ndani yake, ikipoa kwenye beseni unyevu unageuka matone na chujio linayakamata. Ukifunga chujio palepale kwenye mdomo wa kompresa hewa inapita bado ya moto, na maji yanakuja kutokea kwenye bunduki.

Hadina tukabadilisha, ya polepole, na tina ya polepole ya klia hiyohiyo, kiasi cha asilimia 5 hadi 10 kwa kikombe cha kupimia, siyo kwa jicho. Kufuta, badala ya petroli tulitumia dawa ya kuondolea mafuta, vitambaa viwili, kimoja kinapaka na kimoja kinakausha kabla haijajikausha yenyewe. Tundu la bunduki milimita 1.3, mgandamizo wa upepo kama ba 2, umbali wa shubiri moja, kila mpito wa bunduki unafunika nusu ya ule wa kabla.

Mkono wa kwanza wa kati, usiwe mkavu usiwe mzito. Tukangoja kama robo saa, unagusa klia iliyoangukia kwenye tepu ya karatasi na siyo boneti yenyewe, kidole kikinata bila kuvuta nyuzi ni tayari. Wa pili umejaa. Bwana S akataka wa tatu ili apate nyama ya kubafu. Kwa mwenye mkono mzuri wa tatu una faida yake, lakini kwa kompresa ile, ambayo baada ya mikono miwili ilikuwa imeshaanza kutoa hewa ya moto, nikakataa.

Msasa tuliuanza siku ya tatu. 2000 na kipande cha mpira mgumu, maji yenye sabuni, na tuligusa palipoingia vumbi tu, hatukusugua boneti nzima. Kisha 3000. Kingo zote na ile mikunjo miwili zilifungwa tepu kabla ya mashine, tepu ikatolewa mwisho na pale pakamaliziwa kwa mkono. Mashine ya polishi ya kuazima, mwendo wa chini, manyoya kwanza halafu sponji, na kila dakika unaweka kiganja kwenye bati, likiwa la moto kiasi cha kutoa mkono unahama. Nta nikamkataza mwezi mzima ili tina iliyobaki ndani ipate njia ya kutoka.

Matokeo

Boneti imetoka safi, inaonyesha matawi ya mwembe. Ukiitazama kwa ubavu jioni silva yake ni nyeupe kidogo kuliko fenda, hilo ni la metaliki, ikipigwa kavu kidogo chembe zinalala tofauti na inang'aa nyeupe zaidi. Mwenyewe halioni mpaka umwonyeshe. Gharama zote mbili ukijumlisha, pamoja na doti ya kanga, hazikuwa mbali na ile bei ya gereji iliyomkimbiza.

Uchambuzi

Bwana S mpaka leo akisimulia anasema mkono wake ndo ulikuwa mbaya, na mie hapo simwafiki. Mkono ulikuwa mkono wa mwanafunzi, ungempa ganda la chungwa na michirizi, na hivyo vyote viko juu ya klia, msasa na polishi vinaviondoa. Kilichoiua boneti ni maji, na maji yalikuwa ndani ya klia.

Chukua usiku wa masika, joto la hewa 28 na unyevu asilimia 85. Hewa ya namna hiyo inaanza kuangusha umande kwenye kitu chochote kilichopoa mpaka kama nyuzi 25. Kanuni ya wapiga rangi ni kwamba bati liwe juu ya hapo kwa nyuzi 3 angalau. Boneti iliyolazwa wazi chini ya mbingu usiku inapoa kupita hewa iliyoizunguka, ndo maana asubuhi unakuta gari lina jasho na ukuta wa nyumba ni mkavu. Kwa hiyo alikuwa ukingoni kabla hajafungua kopo. Sasa mimina tina ya haraka, ambayo ikipaa inachukua joto la bati na kulipooza zaidi, umande unashukia ndani ya klia ambayo bado mbichi. Na hadina ikikutana na maji inafanya kazi na maji badala ya kufanya na klia, na katika kazi hiyo inatoa gesi. Weupe ule umetoka hapo, na baadhi ya vile vijishimo pia.

Vijishimo vingine ni vya haraka ya mikono mitatu. Hadina ya haraka inafunga ngozi ya juu wakati tina ya chini haijatoka, tina ikilazimisha njia inatoboa. Kwa hiyo lile kopo la "ikauke upesi" lilimwumiza mara mbili, na vumbi ambalo lilinunuliwa kwa ajili yake lingetoka kwa msasa wa 2000 ndani ya saa moja.

Klia ya mikono miwili ikikauka inakuwa kama mikroni 50 hivi, unywele wa mtu mara nyingi ni mnene kuliko hapo. Mie huogopa kuila zaidi ya robo katika kubafu, maana hiyo iliyobaki ndo inayopigana na jua kwa miaka. Kwenye mikunjo na kingo klia ni nyembamba zaidi kwa sababu inateremka kabla haijakauka, na hapohapo ndo pedi inabana zaidi. Grainda ilimaliza yote hayo kwa sekunde. Kabla ya kununua kompaundi kali mwaga maji, washa tochi, ujue kasoro iko juu au ndani.

La kifua nimeliweka mwisho ila si dogo. Usiku ule alikohoa mpaka alfajiri na kifua kikambana, na dirisha la chumba cha watoto lilikuwa linatazama mapipa. Kwenye hadina mna kemikali inayoitwa aisosayaneti. Haina harufu ya kukuonya, na mtu ikishamkamata anaweza kupata pumu inayorudi hata kwa kiasi kidogo sana miaka ya baadae, wako mafundi walioacha kazi kwa hilo. Kitambaa hakizuii chochote, barakoa ya hospitali hali kadhalika. Gereji zenye uwezo zinatumia barakoa ya kuletewa hewa safi kwa bomba, nyumbani usishuke chini ya ile ya mpira yenye makopo mawili ya kuchuja mvuke na vumbi, makopo mapya, glavu, miwani, na watoto waende kwa bibi yao siku hiyo. Mara ya pili walikwenda, na bi mkubwa jirani naye tulimwarifu tangu jana yake, kanga zikaingizwa ndani.

Paa hajalipiga. Halifunguki, linapakana na vioo vya mbele na nyuma, na kulifikia katikati lazima uegemee gari huku bomba limening'inia juu ya klia mbichi. Nimemshauri alipeleke gereji baada ya masika ijayo, na amesema atakwenda na hadina yake mwenyewe mkononi.